Maswali na majibu: Ndege za majini na redio ya rubani

Shikamoo, mzee. Ndege inayotua majini, nayo huomba ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege? (Mwanafunzi, Moshi)

Marahaba. Hutegemea maji yako chini ya anga ipi. Ziwani kusiko na mnara, rubani hujitangaza mwenyewe redioni: yuko wapi, juu kiasi gani, anaelekea wapi. Maji yakiwa ndani ya anga inayoongozwa, kama bandari ya Vancouver nchini Kanada, hatui wala haruki bila ruhusa. Pale mnara umewekwa juu ya ghorofa la ofisi, mita 142 kutoka chini.

Nikisikiliza mawasiliano ya marubani, nasikia kila kitu kinarudiwa. Hawapotezi muda? (Fundi redio, Kisongo)

Hapana, ndugu yangu, na hapa nitakaa kidogo. Sauti ya redio hukatika, lafudhi hutofautiana, na wawili wakibonyeza kitufe cha kuongea kwa pamoja hutoka mlio tu. Tarehe 8 Agosti 2009, ndege ndogo iligongana na helikopta juu ya mto Hudson, New York, wakafa watu 9. Muda mfupi kabla, rubani wa ndege alipewa masafa ya redio ya kuongea na mnara wa uwanja wa ndege wa Newark, akayarudia kimakosa, na hakuna aliyemsahihisha. Sababu za ajali zilikuwa nyingi, lakini hii inaniuma kuliko zote, maana kurudia kupo ili kosa la namna hiyo linaswe. Mwongoza ndege naye lazima asikilize anachorudishiwa. Vijana mnaosomea urubani, nawaomba: msiitikie "sawa" tu. Rudieni njia ya kurukia, urefu, masafa na kipimo cha mgandamizo wa hewa mlichopewa.

Redio ikizima angani? (Msomaji, Usa River)

Weka namba 7600 kwenye transponda, kifaa cha ndegeni kinachoijibu rada, waongoza ndege wataelewa. Kisha tazama taa ya mnara: kijani isiyomweka ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyomweka, wapishe wengine uendelee kuzunguka.

Mbona Ziwa Duluti halitumiki? (Msomaji, Tengeru)

Ni dogo mno, na msitu umelizunguka. Ndege ya majini hutaka nafasi ndefu ili iachane na maji, na kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi, hivyo mbio huongezeka. Tena haina breki: injini ikiwaka, tayari inasogea. Rubani huikagua huku akielea, na kanuni za kimataifa za baharini humtaka akae mbali na vyombo vingine. Kwetu ndege za majini zilizoeleka pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilitua Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban.