Bunduki isiyopiga teke kali kwa kulungu na koyoti: .243 ndiyo, ila usinunue iliyo nyepesi

Mkuu, umeuliza bunduki moja ya kuwindia kulungu na koyoti (mnyama kama mbweha) huko Colorado, Marekani, mtakayoitumia wewe na shemeji, na bega la shemeji halitaki teke, yaani bunduki inavyorudi nyuma ikifyatuka. Jibu fupi ni .243 Winchester (jina la aina ya risasi) ya bolti, yaani ya kukokiwa kwa mkono kila risasi, yenye uzito wa kilo 3.4 hadi 3.9 darubini ikiwa juu. Yanayofuata ni sababu zake.

Sheria kwanza, maana ndiyo inayofupisha orodha. Colorado haikubali kaliba (upana wa risasi kwa inchi) iliyo chini ya .24 kwa kulungu. Kichwa cha risasi kisipungue greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na kikifika yadi 100 kiwe bado na nguvu ya kugonga ya futi-pauni 1,000. Hapo .223, ambayo wengi watakusukumia kwa kuwa haina teke, imeshatoka, ingawa kwa koyoti ni tamu kweli. .243 ya greni 100 inafika yadi 100 na futi-pauni kama 1,600, inapita bila wasiwasi. Mkihamia Ohio mambo mengine kabisa: kule raifo ya kulungu ni ya risasi zenye ganda lililonyooka tu, lisilobanwa shingoni, na hapo mngetazama .350 Legend. Na kama mmoja wenu yuko kwa viza ya muda, si green card (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu), sheria ya shirikisho inamzuia kushika silaha mpaka awe na msamaha. Leseni halali ya uwindaji ni mmoja wa misamaha hiyo. Malizeni hilo kabla ya kuingia dukani.

Sasa teke lenyewe. Watu huangalia kaliba wakasahau mizani. Teke linatokana na uzito wa kichwa cha risasi, mwendo wake na baruti inayoungua, kisha linagawanywa na uzito wa bunduki. Piga hesabu: .243 ya greni 100 kwenye bunduki ya kilo 3.4 inarudisha juli 14 hivi. Kwa uzito uleule, risasi nyingine zinazidi: 6.5 Creedmoor ni kama 19, .308 ni 23, na .30-06 ya greni 180 inapita 30. Lakini ile .243 ukiiweka kwenye bunduki ya mlimani ya kilo 2.6, inapanda hadi kama 18, yaani umelipa pesa zaidi upate karibu teke la 6.5 Creedmoor. Muuzaji atampa shemeji ile nyepesi "kwa sababu ni mwanamke". Kataeni.

Kitako nacho. Vingi vya kiwandani vina inchi 13.5 hadi 13.75 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa mpira unaoegemea begani. Kwa mtu mfupi ni kirefu: mpira haukai kwenye shimo la bega, unaegemea mfupa wa mkono, na teke dogo linauma kama kubwa. Tena atavuta shingo mbele kuitafuta picha ya darubini, na siku moja ukingo wa darubini utamchana nyusi. Pimeni hivi: kiwiko kikunjwe, mwisho wa kitako ukae kwenye kunjo la kiwiko, kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Tafuteni kitako chenye vipande vya kuongeza na kupunguza. Shemeji atatumia inchi 12.5 au 13, wewe unarudisha vipande vyako. Darubini ifungwe shemeji akiwa ndiye amelenga, iwe sentimita 9 hivi kutoka jichoni.

Breki ya mdomo wa mtutu (kifaa cha kutupa gesi pembeni) sikushauri. Teke inapunguza kweli, ila mlio unarudi usoni, na porini watu husahau vizuia sauti vya masikioni. Wengi wanaodhani wanaogopa teke wanaogopa mlio. Kwenye uwanja wa shabaha vaeni vya kuziba ndani ya sikio na vya kufunika juu, vyote viwili, mtaona tofauti siku hiyohiyo.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye kichwa cha risasi, si kwenye bunduki. .243 ina vichwa vya greni 55 hadi 58 vilivyotengenezwa vipasuke haraka. Hivyo ni vya koyoti. Ukimpiga kulungu begani, kinapasuka juu ya mfupa, jeraha linakuwa pana lakini fupi, mnyama anakimbia na hamtampata. Kwa kulungu tumieni greni 85 hadi 100 kinachofunguka taratibu, au cha shaba tupu cha greni 80 au 85. Subirini akae ubavu, mpige nyuma ya bega, na msizidi yadi 250. Akiwapa makalio, mwacheni aende. Mtutu ambao mifereji yake ya ndani inazunguka mara moja kwa inchi 10 unatosha kwa vichwa hivi. Virefu vya greni 105 na kuendelea vinahitaji 1 kwa 8.

Vichwa viwili tofauti havipigi sehemu moja. Rekebisheni darubini kwa risasi ya kulungu: greni 95 ikikaa sawasawa yadi 200, inakuwa juu inchi 1.6 kwenye yadi 100 na chini karibu inchi 7 kwenye 300. Kisha pigeni risasi tatu za koyoti kwenye karatasi ileile bila kugusa vitufe vya darubini, mpime tofauti, muiandike kwenye utepe na kuubandika kitakoni. Hamtaki usumbufu huo? Chagueni greni 80 ya shaba kwa kulungu na koyoti pia, ila ngozi ya koyoti inaweza kuharibika.

Kupima kama shemeji anashtuka: wewe ndiye uijaze magazini, uchanganye risasi bandia mbili na za kweli tatu, yeye asijue mpangilio. Ikifika ya bandia, tazama mdomo wa mtutu, si karatasi. Mdomo huo ukiinama wakati wa "tik", anashtuka. Hapo rudini kwenye .22 ya mafunzo kwa risasi 50, kisha .243 zisizozidi 10 kwa siku, mkiishia kabla bega halijachoka.