Ahadi za kampeni na dawati la watoto watano

SWALI: Mhariri, kila uchaguzi vijana wa kampeni hupita nyumba kwa nyumba hapa Nyalenda, Kisumu, wakiandika majina yetu. Mwanangu bado hubanana na wenzake wanne kwenye dawati moja, na hamudu kusoma aya nzima. Tumwendee nani?
Mama wa Nyalenda

JIBU: Mama, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, serikali ya kaunti husimamia chekechea, ilhali shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo mwakilishi wadi, ambaye ni mjumbe wa bunge la kaunti, anayekuapia walimu wa darasa la tano anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Madawati huweza kugharimiwa na hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, ambayo sheria yake ya 2015 inataka wananchi wasikilizwe katika mikutano ya wadi. Nendeni na hesabu mkononi: watoto wangapi, madawati mangapi. Kuhusu kusoma, lisemeni kwenye bodi ya usimamizi wa shule, ambamo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti, viti ambavyo, kusema kweli, wengi wetu huviacha vichukuliwe na yeyote aliyehudhuria. Vijana wakirudi na daftari lao, waulizeni mgombea wao aliingia lini darasani humo.