Kupiga picha mtaani Dar bila kugombana na watu, mimi nilivyofanya

Wakuu, kuna mdau kauliza afanyeje apige picha za maisha ya kawaida hapa Dar, maana kila akitoa kamera Kariakoo anazongwa na kuambiwa "unaenda kutuuza". Mimi napiga mtaani mwaka wa tisa huu, zaidi soko la samaki la Feri na Kariakoo, na nimezongwa sana, kwa hiyo najibu kwa niliyopitia.

Kwanza hao watu wana haki ya kukasirika. Mtu anashinda juani na mzigo wake, anakuja mtu anamlenga kwa mbali, anaondoka, na hiyo picha haioni mpaka anaingia kaburini. Mwanzo nilikuwa na lenzi ya 70-300, ya kuvuta vitu vya mbali, nikidhani kukaa mbali ndo usalama, kumbe ndo nilikuwa naonekana mpelelezi, na picha zenyewe migongo na visogo tu. Nikaiweka kando nikachukua lenzi ya 35mm, hiyo haivuti, inakulazimisha umsogelee mtu mpaka zibaki hatua mbili tatu, na ukishafika hapo lazima umsalimie hamna namna.

Feri ndo palinifundisha. Nilienda wiki mbili kamera ikiwa begini, nanunua samaki, nasikiliza madalali wanavyonadi, narudi home. Kuna mama anakaanga samaki pale, nilikuwa nampa shikamoo kila siku, siku moja akaniuliza mwenyewe, mwanangu hilo begi lina nini? Nikamwonesha, akasema haya nipige basi. Ile picha kashika chujio la kukaangia, moshi wa mafuta unapita mbele ya uso, na jua la saa moja asubuhi toka upande wa bahari limepiga mkono wake, unaona vidoa vidogo vya kuungua na mafuta kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nikaisafisha, nikampelekea. Akaishika kwa ncha za vidole isiingie mafuta, akaiangalia muda mrefu sana halafu akasema "kumbe mikono yangu ndo iko hivi". Sikuwa na la kumjibu. Toka siku hiyo mtu akinifokea pale yeye ndo anamwambia muache huyo, huyo huwa anarudisha.

Kwa hiyo mdau, rudisha picha. Kusafisha moja ni hela ndogo kabisa. Kumlipa mtu ili akae pozi mi sifanyi, nanunua anachouza, inatosha.

Mwanga sasa. Jua letu baya kuanzia saa nne mpaka saa tisa hivi, mwezi wa 3 mwanzoni na wa 10 mwanzoni linapita utosini kabisa, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Saa hizo ingia chini ya miavuli na maturubai ya Kariakoo, mwanga unakuwa laini ila turubai la bluu linampaka mtu bluu, rekebisha rangi. Na kamera inapima mwanga kwa wastani, ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe inamtia giza, ongeza mwanga kidogo mwenyewe, ngozi zetu zina rangi nyingi nzuri zinapotea bure. Ukiwa kwa vijana wanaopara samaki ivalishe lenzi filta, kile kioo cha kuikinga kwa mbele, magamba yanaruka yanaganda kwenye kioo cha lenzi na ukiyafuta makavu yanachora.

Pale Feri Ikulu iko jirani kabisa, usigeuzie kamera upande huo, wala askari wala maeneo ya jeshi. Hata majengo ya watu binafsi angalia, kuna mlinzi mmoja maeneo ya Posta aliniweka saa nzima nikafutishwa kazi ya siku nzima, na nilichokuwa napiga ni muuza kahawa aliyekaa nje ya geti. Iliniuma sana. Siku hizi nikifika sehemu naanza na mlinzi. Watoto, uliza mzazi. Mgonjwa au mtu aliyelala barabarani mi simpigi kabisa.

Kurudisha nako kuna siku kunashindikana. Nina bahasha ya picha 14 za wafanyabiashara wa soko kuu la Kariakoo, nilizisafisha Juni 2021, Julai soko likaungua, watu wakatawanyika. Watano nimeshawapata. Tisa bado nawauliza kwa majirani zao kila nikipita.