Maswali ya Wasomaji: Asubuhi tapeti kimya, mchana zinagonga

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi niko Indianapolis huku Marekani, nna gari ya Nova ya zamani nimeitia injini ya Chevrolet 383, bloku chuma, hedi za alumini, kemshafti ya mbio yenye lifta ngumu za roleri. Wikendi nakimbia dragi, mbio za kunyooka za robo maili. Karatasi iliyokuja na kemshafti inasema pengo la valvu ya kuingiza (inteki) thau 20, ya kutoa moshi (ekzosi) thau 22. Naseti asubuhi gari imelala usiku kucha, geji inapita kwa kukwaruza kidogo kama inavotakiwa, lakini nikirudi kutoka ran ya kwanza, yaani kukimbia mara ya kwanza, injini inagonga kama cherehani mbovu. Alafu kuna ekzosi ya silinda namba 5, kila wiki nikifungua kava naikuta imeachia, nakaza, wiki ijayo imeachia tena. Niikaze zaidi ya zingine?

JIBU: Marahaba kaka. Hapana, usiikaze zaidi, na leo hiyo namba 5 ndo nataka tuongee sana, ila tuanze na kelele kwanza maana hiyo ni rahisi.

Kwa wasiojua, kemshafti (kemu) inasukuma lifta, lifta inasukuma pushirodi, pushirodi inasukuma roka, roka inafungua valvu, na kuseti tapeti ni kuweka sawa lile pengo dogo kati ya roka na valvu. Thau moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, kwa hiyo thau 20 ni kama nusu milimita, ukilinganisha na bodaboda ambayo nafasi yake mara nyingi haizidi 0.1 ya milimita unaona hizi kemu za mbio ni kitu kingine kabisa. Sasa isome tena karatasi yako vizuri, nakuhakikishia mahali fulani imeandikwa kwamba hizo namba ni za injini ya MOTO. Wewe unaziseti ya baridi. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, hedi ikipata moto inanyanyuka na roka zake zote, lakini pushirodi ni ya chuma, yenyewe hairefuki kiasi hicho, kwa hiyo pengo linakua. Hesabu wanayotumia watengeneza kemu ni hii: bloku chuma na hedi alumini, toa thau 6 kwenye namba ya moto ukiseti baridi. Bloku alumini na hedi alumini toa thau 12. Zote chuma unaongeza 2, yaani huko inaenda kinyume. Kwa hiyo wewe asubuhi ulitakiwa uweke 14 na 16, ulivyoweka 20 na 22 injini ikichemka ulikuwa kwenye 26 na 28 huko, lazima ipige kelele. Na sio kelele tu. Kemu ina mteremko mdogo wa kupokea lifta taratibu kabla haijaanza kuinyanyua kwa nguvu, pengo likizidi lifta inaruka huo mteremko wote inatua kwa kishindo, na kwa 7,500 rpm (mizunguko kwa dakika) kila valvu inafunguka mara 62 na nusu kwa sekunde moja, piga picha hicho kishindo kinafanya nini kwenye visindano vidogo vilivyomo ndani ya roleri ya lifta.

Ushauri wangu, seti baridi, asubuhi, kila siku ya mbio, sababu kati ya ran na ran joto halifanani hata mara moja, mara umesubiri foleni dakika 20 mara saa nzima. Baridi ya asubuhi angalau inakaribiana. Ila mara ya kwanza thibitisha: seti 14 na 16 baridi, iwashe ipate moto wa kazi, zima, fungua upime valvu mbili tatu haraka uone kama zimefika 20 na 22. Injini yako ikikupa tofauti ya thau moja au mbili basi hiyo ndo hesabu yako wewe, iandike ukutani.

Na namna ya kuseti, ule mtindo wa kuweka injini sehemu moja unaseti nusu ya valvu alafu unageuza raundi moja unamalizia nusu iliyobaki, kwa kemu za kawaida unafaa, kwa kemu ya mbio hapana, zinafungua muda mrefu mno, utakuta lifta mojawapo imeshaanza kupanda na wewe unadhani iko chini. Nenda silinda moja moja. Toa plagi zote injini iwe nyepesi, geuza kwa spana kwenye bolti ya mbele ya krenki. Ekzosi ya silinda hiyo ikianza tu kusukumwa, seti inteki. Endelea kugeuza, inteki itazama mpaka mwisho itaanza kurudi, ikikaribia kufunga kabisa simama, seti ekzosi. Alafu silinda inayofuata. Ukifuata mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, 1-8-4-3-6-5-7-2 hutageuza injini bure. Na ile nati yenye skrubu ndani yake, kaza skrubu mpaka iguse, kisha zungusha nati na skrubu kwa pamoja kidogo sana ndo inajifunga, na lazima upime TENA baada ya kufunga, maana hapo ndo thau mbili zinapotoroka.

Sasa namba 5.

Kaka, valvu inayoachia kila wiki haikuombi uikaze, inakwambia kuna kitu kinaliwa au kinasogea. Watu wengi wanafungua kava, wanakuta pengo limekuwa 24, wanarudisha 16, wanafunga, wanaenda kukimbia, na ile 24 hakuna aliyeiandika popote. Ile 24 ndo ilikuwa habari yenyewe. Nakusihi nunua daftari, la karatasi, likae kwenye boksi la spana, na kabla hujagusa nati yoyote pima valvu zote 16 uandike ULICHOKUTA, alafu ndo urekebishe. Tofauti ya thau moja au mbili achana nayo, mkono wako tu unaweza kuleta hiyo. Ikifika tano kwenda juu, au valvu ile ile inarudia, simamisha gari.

Cha kwanza chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye skrubu ya katikati na msumari wake (ile stadi iliyosimama kwenye hedi inayoshika roka), rangi ya kucha inatosha. Ukirudi wiki ijayo ukakuta pengo limeongezeka na mstari umekatika, basi nati inalegea, safisha nyuzi, badilisha nati, kesi imeisha. Angalia pia msumari wenyewe usiwe unang'oka kutoka kwenye hedi. Lakini ukikuta mstari uko sawasawa haujasogea hata unywele na pengo limekua, hapo shida iko chini na ni kubwa. Toa pushirodi iviringishe juu ya kioo, ikiwa imepinda utaiona inacheza. Pima springi, springi iliyovunjika inaweza isionekane kwa macho. Kata filta ya oili uipanue ile karatasi yake kwenye jua, ukiona inametameta chuma, pitisha sumaku, ikinasa basi ni roleri ya lifta au kemu yenyewe inaondoka, na usiwashe tena hiyo injini hata kuihamisha tu. Silinda ya 5 kwenye hiyo Chevrolet ni ya tatu kutoka mbele upande wa dereva, yaani kushoto kwa gari za Marekani, ukishatoa inteki manifoldi lifta yake unaifikia bila kuvua hedi, kwa hiyo hamna sababu ya kubahatisha.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe wiki tatu mfululizo niliwahi kukaza ekzosi moja, nikijiona fundi makini kwa vile nakaza kila mara, wiki ya nne roleri ikapasuka, visindano vikaingia kwenye oili, krenki, bearingi, pampu ya oili, vyote. Namba zingeniambia wiki ya pili kama ningekuwa nimeziandika.

Na upande wa pili, ukikuta pengo LIMEPUNGUA, hilo linatisha zaidi. Maana yake valvu inavutika shingo, au siti yake inazama kwenye hedi. Valvu inayovutika ipo siku kichwa kinakatika kinaangukia kwenye pistoni, hapo hakuna cha kuokoa. Hiyo hairekebishwi kwa kulegeza nati, inafunguliwa hedi.

SWALI: Habari fundi, nakuandikia kutoka Houston, mume wangu ana Mustang ya dragi na mimi ndo naendesha. Kuna mzee wa uwanjani anasema tukicheza na nafasi ya tapeti gari itapunguza muda bila kununua chochote. Ni kweli?

JIBU: Nzuri dada, na hongera kwa kushika usukani. Mzee amesema kweli, kwa lifta ngumu lakini. Ukipunguza pengo valvu inafunguka mapema, inachelewa kufunga, na inanyanyuka zaidi kidogo, ni kama umeweka kemu kubwa kuliko uliyonayo. Ukiongeza pengo ni kama kemu ndogo, injini inapata nguvu zaidi kwenye mizunguko ya chini, inasaidia gari inayozubaa pale inapoondoka. Sheria ni thau 4 kila upande basi, na ukilegeza kuwa mwangalifu zaidi kwa sababu ya kile kishindo nilichomwambia kaka wa Indianapolis. Ukikaza sana nako valvu ikipata moto haikai vizuri kwenye siti, na siti ndo njia yake kuu ya kutoa joto, itaungua hasa ya ekzosi.

Fanya inteki peke yake kwanza, ran mbili tatu siku hiyo hiyo maana hewa ikibadilika tu muda unabadilika wenyewe, kisha rudisha, ujaribu ekzosi. Kwenye kile kikaratasi cha muda usiangalie namba ya mwisho tu, angalia muda wa futi 60 za mwanzo na spidi ya mwishoni, maili kwa saa. Muda wa futi 60 ukipungua baada ya kulegeza, kemu yenu ni kubwa kwa hiyo gari. Maili zikipanda baada ya kukaza, kemu ni ndogo. Yaani hata kama mtapata sehemu ndogo tu ya sekunde, mmeshajua kemu inayofuata mnunue ipi, na hilo kwa maoni yangu ni faida kubwa kuliko ule muda wenyewe.

SWALI: Kwa nini watu wa dragi wasitumie lifta za hayadroliki zinazojiseti zenyewe waepuke usumbufu wote huu?

JIBU: Wapo wengi wanaotumia na wanakimbia vizuri tu. Shida ni mizunguko ikiwa mingi sana, ile lifta inajaa oili, inaweza kushikilia valvu wazi kidogo wakati inatakiwa iwe imefunga, nguvu zinapotea. Gari za daraja la Pro Stock za NHRA, chama cha dragi cha Marekani, zinaruhusiwa mpaka 10,500 rpm, huko hayadroliki haifiki. Kwa gari ya barabarani inayoenda uwanjani mara moja moja, weka hayadroliki upate amani.

SWALI: Mkuu niko Nairobi, Subaru yangu ya EJ20 tapeti zake hazina nati wala skrubu, naseti vipi?

JIBU: Hiyo inatumia kopo, kikombe cha chuma kilichofunika kichwa cha valvu, kemu inakanyaga kopo moja kwa moja hamna roka. Kwa hizi za kopo tupu lisilo na kisahani cha kurekebishia pengo, unapima pengo ikiwa baridi, unatoa kemu, unapima unene wa kopo kwa maikromita, alafu hesabu: unene wa zamani, ongeza pengo ulilopima, toa pengo unalotaka, jibu ndo unene wa kopo jipya. Kwa mfano kopo ni milimita 4.60, umepima 0.28 unataka 0.20, tafuta 4.68. Pengo unalotaka lichukue kwenye kitabu cha injini yako hasa, EJ haziko sawa zote, na kama umeweka kemu za mbio fuata karatasi ya kemu. Shusha injini chini kabisa ufanyie juu ya meza, ikiwa ndani ya gari hedi zimebanwa na chesisi pande zote mbili na geji hutaipitisha sawasawa, utapata namba za uongo na makopo ya bei ghali yasiyofaa.