Gari ya mkononi na ukaguzi wa mwaka: niliyoyaona na Carina yangu hapa Tanga

Wadogo zangu mnaoingia kwenye magari mwaka huu, hasa nyie mliochukua gari ya mkononi, mwaka wa kutengenezwa usiwatishe sana. Mimi nina Carina Ti ya 1999, niliichukua 2015 kwa mzee mmoja wa Chumbageni, na kila mwaka naipeleka kwa trafiki ikakaguliwe nibandike stika ya nenda kwa usalama. Miaka yote hiyo nimerudishwa mara 3 tu. Ya kwanza taa za nyuma, ya pili hendibreki, ya tatu bol jointi ya kushoto, ule mfundo unaoshika gurudumu la mbele. Injini haijawahi kunirudisha hata siku moja, na hapo ndipo wengi mnapopigwa, maana ukaguzi ukikaribia mtu anakimbilia kumwaga oili, anabadilisha plagi, anaosha injini mpaka inang'aa kama sufuria ya shughuli, halafu akifika pale mkaguzi wala hana habari na plagi zake, anaambiwa washa indiketa, kanyaga breki, piga honi, vuta hendibreki tuone.

Ile ya taa iliniuma kweli. Asubuhi nilizikagua mwenyewe nyumbani, moja moja, zote zinawaka, nikaenda kifua mbele. Afande akasema weka indiketa ya kulia, nikaweka, sasa kanyaga breki, nikakanyaga, akanyamaza, akaniita nishuke nione huku mwenzake akikanyaga. Loh! Breki ikishikwa tu indiketa inafifia na taa ya parking inapepesa, zinacheza pamoja kama taa za kwenye mnanda. Nikarudi Ngamiani kwa fundi umeme, nikijua nakwenda kununua taa nzima. Hakugusa hata globu. Alifungua buti, akachomoa lile jalada la ndani, akafuata waya mweusi wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, mpaka pale ulipofungwa kwa skrubu kwenye bodi, na pale kwenye skrubu palikuwa na kutu na unga wa kijani umeota kama ukoga. Akafungua, akapiga msasa mpaka bati likawa jeupe, akafunga tena, akapaka grisi. "Ethi hiyo kaka, bahari inakula." Dakika kumi, buku tano. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, ila mimi na ile taa nilikwenda Jumatatu stika nikaja kuipata Alhamisi.

Kwa hiyo taa msizipime moja moja. Weka parking, weka indiketa, kanyaga breki, vyote kwa pamoja, mtu asimame nyuma. Ethi ikiwa mbovu inajitaja yenyewe.

Na hii bahari msiichukulie poa. Ukikaa Raskazone au popote upepo wa chumvi unapokupitia, kutu inaanzia usipopaona, chini ya milango, ndani ya madishi ya matairi, kwenye mabomba ya breki yanayopita chini. Mimi nikitoka ufukweni naosha chini kwanza, bodi ya juu itasubiri, najua vijana mnafanya kinyume kwa sababu ya picha. Mlango ukifungua ukasikia maji yanachezacheza ndani, vile vitundu vya chini vimeziba, chukua msumari vizibue, bure kabisa.

Hendibreki ni ugonjwa wa gari nyingi za umri huu zenye madramu nyuma, na hautaujua kwa sababu ukiwa na gari ya oto unaweka P unashuka zako, hendibreki unaigusa mara moja kwa mwaka, siku ya ukaguzi! Ile ajasta ndani ya dramu, kile kirekebishi cha kusogeza breki shuu, inaganda kwa kutokutumika, breki shuu zinakaa mbali, unavuta mkono unahesabu tek tek tek mpaka kumi na moja na gari bado inasogea. Yangu ndivyo ilivyokuwa. Fundi wa haraka atakukazia waya tu pale kwenye mkono, utapita, lakini baada ya muda utarudi pale pale. Mwambie afungue dramu, asafishe, aiachie ajasta, ndio akaze. Halafu anza kuivuta kila unapopaki.

Bol jointi nilijitakia mwenyewe. Enzi za vumbi nilikuwa naenda Pangani karibu kila wiki, na nilisikia ile ngok ngok upande wa kushoto nikasema ah ni bushi, nikaongeza sauti ya redio. Sasa sikilizeni, hii mnaweza kupima wenyewe, gari piga jeki sehemu imara na weka stendi, usitegemee jeki peke yake, tairi likiwa hewani lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ukiwa unaendelea kutikisa. Mchezo ukiisha breki ikishikwa, hiyo ni bearingi. Ukibaki, angalia bol jointi. Halafu shika kushoto na kulia, ikicheza hapo mara nyingi ni tairodi endi, ile ncha ya fimbo ya usukani. Mimi hili nilifundishwa na fundi baada ya kurudishwa na tayari nimeshamlipa, ningelijua kabla nisingesubiri afande aniambie.

Matairi, kwa kifupi, usiangalie kashata peke yake. Pembeni kuna namba 4 za mwisho kwenye ule mlolongo wa DOT, mfano 3217, maana yake wiki ya 32 ya 2017. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na lishakuwa gumu kama soli ya kandambili kwa jua letu hili.

Kuna mchezo wa kuazimana vitu siku ya ukaguzi, mtungi wa zimamoto wa jirani, traiango za shemeji, mpaka matairi. Nimewahi kumwona jamaa anafunga matairi ya mwenzake gereji moja asubuhi, mchana anayafungua anarudisha vipara vyake na stika ipo kiooni, halafu huyo huyo jioni anabeba watoto wa shule. Sina la kusema hapo, kila mtu na roho yake.

Mtu mwingine ataniambia hizi gari zimechoka toka Japani. Hapana bwana. Kule wana ukaguzi wao wanauita shaken, gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na gharama yake ndio mara nyingi inawafanya waiuze mapema. Gari inatoka kule imezoea kukaguliwa, inakuja kuharibikia tabia kwetu kwa spea feki na "itakwenda tu hiyo". Na ukichukua gari iliyotoka Uingereza tafuta namba yake ya usajili ya kule, maana wao gari ikishafika miaka 3 inakaguliwa kila mwaka, wanaita MOT, na matokeo yapo wazi mtandaoni bure, unaona ilifeli nini lini na ilikuwa na maili ngapi. Muuzaji akikuambia imetembea kidogo, unamchekea tu.

Jambo la mwisho, stika ni habari ya siku ile uliyokaguliwa. Mwaka juzi nilipita bila kuulizwa swali, miezi 2 baadaye natoka Muheza pedali ya breki ikaanza kuzama taratibu, nikaipampu ikapanda, ikazama tena. Nilifika Pongwe mwendo wa baiskeli. Kumbe silinda ndogo ya gurudumu la nyuma inavuja, na ukichungulia upande wa ndani wa tairi kulikuwa na mstari wa unyevu mweusi umeshika vumbi, si wa siku ile, ulikuwepo zamani, mimi ndio sikuwahi kuinama. Sasa hivi kila Jumamosi nikipima maji ya redieta naangalia na kikopo cha mafuta ya breki, na yakishuka tu nalala chini na tochi ya simu, mke wangu ananicheka eti natafuta shilingi.