Kipupwe cha Nairobi na watoto wa shule: mpashe joto mtoto, si chumba

Dada, umeeleza kwamba mlihamia Nairobi kutoka Mombasa mwezi wa Aprili, kwamba kifungua mimba wako yuko gredi ya tatu na mdogo wake PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, na kwamba tangu Juni ianze nyumba yenu imekuwa ya makamasi, kikohozi na vilio vya alfajiri. Umeuliza kama ni salama kuingiza jiko la makaa chumbani mwa watoto, jinsi ya kuwatoa kitandani bila ugomvi, na kama ingekuwa heri kuwarudisha kwa nyanya yao hadi baridi ipite. Mimi ni baba wa watoto watatu, ninaishi Uthiru, na kwa kuwa mke wangu ni muuguzi mwenye zamu nyingi za usiku, asubuhi za Julai zimekuwa jukumu langu kwa miaka saba sasa.

Nianze na jiko, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Tafadhali usiliingize. Miaka minne iliyopita nililiacha jiko nje hadi makaa yakakolea na moshi ukaisha, nikaliweka sebuleni watoto walipokuwa wakifanya kazi ya ziada, kisha nikafunga madirisha yote. Haikupita saa moja binti yangu akalalamika kwamba kichwa kinamuuma, mdogo wake akatapika, nami nikadhani ni chakula kilichowadhuru. Mke wangu alipoingia alifungua mlango na madirisha kabla hata ya kutusalimu, akatutoa sote nje, na usiku huo tukaumalizia hospitalini. Makaa yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Tulipona, lakini sijawahi kuisahau jioni ile, na ndiyo maana nimeandika kwa urefu.

Usiku ule ulinifundisha kuacha kupigana na baridi ya chumba. Nyumba zetu nyingi za mawe hazikujengwa na dohani, na yale matundu ya hewa juu ya madirisha yapo ili tupumue, kwa hiyo joto lolote utakalowasha litapotea, ama litakaa pamoja na sumu. Joto linalotunzika ni lile lililo mwilini mwa mtoto. Baridi yenyewe unaijua kwa jina jingine: Kusi ile ile inayochafua bahari kwenu ndiyo inayopandisha unyevu hadi huku, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hugeuka mawingu ya chini yanayoweza kulificha jua kutwa nzima.

Kwa hiyo mvishe mtoto kwa tabaka. Fulana ya pamba inayobana mwili kidogo, shati, sweta, kisha jaketi, humfaa kuliko jaketi moja zito, kwa sababu saa saba mchana jua likichomoza anaweza kuvua moja moja bila kubaki na jasho. Katika masoko ya Gikomba na Toi utapata fulana nzuri za mitumba pamoja na boshori, zile kofia za sufu. Wangu huoga mara tu warudipo kutoka shuleni, kabla giza halijaingia, na asubuhi hunawa uso, mikono na miguu tu kwa maji ya moto.

Kinachochosha kuliko yote ni nguo kukauka. Sweta la shule lililofuliwa Jumamosi linaweza kuwa bado bichi Jumatatu, na mtoto aliyevaa sweta lenye unyevu atatetemeka hata akiwa na tabaka nne. Kila mmoja awe na sweta mbili. Likishafuliwa, likunje ndani ya taulo kavu, likandamize kwa nguvu, ndipo ulianike penye upepo, chini ya paa. Usianike chumbani wanamolala. Sisi tulifanya hivyo msimu mzima, ukungu mweusi ukaota ukutani nyuma ya kabati, na mwanangu wa kati, ambaye ana pumu, akawa anaamka usiku akikoroma kifuani. Tulipolisogeza kabati mbali na ukuta na kuanza kufungua madirisha kila adhuhuri, hata siku za baridi kali, alipata nafuu.

Kuhusu kuamka, mimi hupanga nguo jioni na kuziweka fulana na soksi chini ya blanketi, miguuni pa mtoto. Alfajiri huzivaa akiwa bado amejifunika, kisha hutoka na kukuta kikombe cha uji wa wimbi mezani. Ule uji wenu wa pilipili manga usiuache Pwani. Jirani yangu kutoka Lamu aliwapikia wangu, na sasa ndio wanaouomba. Basi la shule lilikuwa likitupitia kabla ya saa kumi na mbili, ilhali jua la Julai huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu. Wazazi tulikwenda shuleni pamoja tukiwa na Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, ambazo zimeweka mwanzo wa masomo saa mbili, na tukasogezewa muda. Waulizeni na nyinyi.

Mafua hayaletwi na baridi yenyewe, bali na virusi vinavyosambaa watu wanapojifungia, kwa hiyo dawa za kuua bakteria hazisaidii, na kuzinunua dukani bila daktari ni madhara matupu. Kijiko cha asali hutuliza kikohozi cha mtoto aliyepita mwaka mmoja. Huyo wa PP1 mhesabie pumzi akiwa ametulia: mtoto aliyepita mwaka mmoja lakini hajafika miaka mitano akifikisha pumzi 40 kwa dakika, au mtoto wa umri wowote kifua chake kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

Na kwa nyanya yao, mimi nisingewarudisha sasa. Mkubwa atakosa masomo ya katikati ya muhula, na wote wawili watakutana na Julai nyingine mwakani wakiwa wageni vilevile. Wapelekeni likizo ya Agosti, wiki ambazo mawingu ya huku bado ni mazito, mkirudi shule zikifunguliwa mtakuta anga limeanza kufunguka.