Seva inayodai cheti cha mteja: usiishie kusasisha

Ndugu, umeuliza kama Nginx yako (programu ya seva ya wavuti) inayodai cheti cha mteja, yaani cheti cha kidijitali cha kumtambulisha anayeunganisha, imo hatarini kwa kasoro ya Machi 2022 ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche; kasoro hiyo imesajiliwa kama CVE-2022-0778. Ndiyo, kama bado uko kwenye toleo la OpenSSL 1.1.1m au 3.0.1. Cheti cha hila chenye vigezo batili vya mkunjo (umbo la kihisabati linalotumika katika usimbaji) huifanya programu izunguke bila kikomo, prosesa ikikwama asilimia 100. Tena hutokea kabla sahihi ya cheti haijahakikiwa, kwa hiyo mshambuliaji hahitaji cheti halali hata kidogo.

Weka toleo la 1.1.1n, 3.0.2 au zaidi. Kwenye Debian (mfumo endeshi wa Linux) namba ya toleo inaweza kubaki ya zamani ingawa kiraka, yaani marekebisho ya kasoro, kimo. Soma kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi.

Kisha nakusihi, zima Nginx uiwashe upya! Vinginevyo itaendelea kushikilia maktaba mbovu. Ikiwa bado inaishikilia, lsof, amri inayoorodhesha faili zinazotumiwa na programu, itakuonyesha libssl (faili la OpenSSL) yenye alama ya DEL, yaani faili la zamani lililofutwa.